Poti 80 inagoma

SWALI: Nimehamia Podman kutoka Docker (zote ni programu za kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa na kutengwa na mfumo). Nikianzisha kontena kwa -p 80:80 inakataa, wakati zamani ilikubali. Kosa liko wapi?

JIBU: Hujakosea. Kwa kawaida Docker hupitia huduma yenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo). Podman huendeshwa kwa jina lako, na Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti (mlango wa mtandao wenye namba) iliyo chini ya 1024. Andika -p 8080:80. Namba ya kushoto ni ya kompyuta, ya kulia ni ya ndani ya kontena. Ukiing'ang'ania 80, weka net.ipv4.ip_unprivileged_port_start=80 katika faili ndani ya /etc/sysctl.d/, kisha endesha sudo sysctl --system. Usikimbilie sudo podman, yaani kuiendesha kama root: root ana hifadhi yake, kwa hiyo imeji (violezo vya kontena) ulizojenga hutaziona huko.