Kuuza tovuti kwa eskro: usitoe msimbo wa uhamisho kabla hujaiona pesa mwenyewe

Mkuu, nimelisoma swali lako vizuri. Una tovuti ya matangazo ya ajira yenye domeni (jina la anuani ya tovuti) ya .com, mnunuzi wa nje amekubali dola 2,800, na yeye ndiye aliyekuletea jina la kampuni ya eskro, yaani mtu wa kati wa kushika pesa mpaka makabidhiano yakamilike, ambayo hujawahi kuisikia. Sasa anakuharakisha uhamishe domeni, na unaogopa ukichelewa atakimbia. Jibu langu: usihamishe kitu chochote bado. Inawezekana ni mnunuzi wa kweli kabisa, lakini mpaka hapo ulipofika huna ushahidi wowote kwamba kuna hata dola moja iliyowekwa mahali.

Kuna wadau wawili waliokujibu kabla yangu wamekwambia uachane na eskro kwa sababu ya sakata la akaunti ya eskro ya Tegeta. Nawaelewa, Watanzania wengi tulilisikia hili neno kwa mara ya kwanza kupitia sakata lile. Lakini tukumbuke kilichotokea. Akaunti ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kwa sababu TANESCO, shirika la umeme, na IPTL, kampuni binafsi iliyokuwa ikiliuzia umeme, walikuwa wanabishana kuhusu malipo ya umeme, na fedha zilitakiwa zikae pale ubishi ukisubiri kumalizwa. Zikatolewa mwishoni mwa 2013, na Novemba 2014 Bunge likawa linajadili zilitoka kwa haki ya nani. Kwa muuzaji wa tovuti maswali ni hayo hayo: pesa imeshikwa na nani, na ni sharti gani likitimia ndipo itoke? Ukiwa na majibu ya maswali hayo mawili kwa maandishi, eskro ni njia nzuri kuliko zote ninazozijua. Nimeuza domeni na tovuti kwa watu nisiowahi kuonana nao, na bila mtu wa kati nisingethubutu.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Mnakubaliana masharti, mnunuzi anaweka pesa kwa mtu wa kati, mtu wa kati anathibitisha imeingia, wewe unakabidhi, mnunuzi anakagua na kukubali, kisha pesa inatumwa kwako. Matapeli wanavizia sehemu mbili tu: pale pesa inapodaiwa kuwa imeingia, na pale mnunuzi anapotakiwa kukubali.

Nianze na ya kwanza, maana ndiyo inayokuhusu leo. Utapeli wa siku nyingi kwenye biashara hii ni tovuti ya eskro ya bandia. Mnunuzi anaitengeneza yeye au mwenzake, inapendeza, ina maneno ya "leseni" na picha za wateja wenye furaha. Unafungua akaunti, unaona muamala wako umeandikwa kwamba pesa imepokelewa, unahamisha domeni, na baada ya siku chache tovuti haipatikani tena. Kwa hiyo anayechagua eskro awe wewe, au iwe kampuni ambayo wote wawili mnaweza kuihakiki nje ya maneno ya mnunuzi. Mimi hutumia Escrow.com kwa mauzo ya nje. Ipo tangu 1999, tangu 2015 inamilikiwa na Freelancer ya Australia, na ina leseni ya California. Leseni ya aina hiyo unaitafuta kwenye tovuti ya mamlaka ya fedha ya California yenyewe, inaitwa DFPI. Usiridhike na nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wa kampuni, nembo mtu yeyote anaweza kuinakili. Sedo ya Ujerumani nayo ina huduma yake ya kushika pesa kwa domeni zinazouzwa kwao.

Mnunuzi wa kweli ukimwambia "tutumie hii ninayoijua, ada tugawane", mara nyingi atakubali au atakuja na jina jingine linalojulikana. Akikataa kata kata na kung'ang'ania ya kwake tu, mwache aende.

Hata ukiwa na kampuni halali, usiamini barua pepe. Nikiwa nauza tovuti ya matokeo ya mpira, niliwahi kupokea barua pepe inayosema pesa imeshawekwa, nikabidhi domeni. Nembo ilikuwa sahihi, namba ya muamala ilikuwa sahihi, hata kiasi kilikuwa sahihi. Anuani ya mtumaji ilikuwa na herufi moja ya ziada. Sikubonyeza linki yoyote ndani yake. Niliandika anuani ya kampuni mwenyewe kwenye kivinjari, nikaingia kwenye akaunti yangu, na muamala ulikuwa bado unasubiri malipo. Namba ya muamala tulikuwa tunaijua mimi, mnunuzi na kampuni tu, kwa hiyo hiyo barua ilitoka wapi inajulikana. Fanya hivyo kila mara, hata kama mnunuzi ni mtu mnayeelewana. Ukibaki na wasiwasi, wasiliana na kampuni kwa njia iliyo kwenye tovuti yao, usitumie namba iliyo kwenye barua pepe.

Sehemu ya pili, ya mnunuzi kukubali, inategemea masharti, na hapa ndipo nawaona wauzaji wengi wanaandika mstari mmoja: "Nauza tovuti fulani, dola kadhaa." Huo haukulindi. Andika kinachouzwa kimoja kimoja: domeni, faili za tovuti, hifadhidata, kurasa za Facebook na Instagram kama zimo, orodha ya barua pepe kama imo. Andika pia kisichouzwa. Akaunti ya AdSense, ile ya matangazo ya Google, haihamishwi kwa mtu mwingine, mnunuzi anatakiwa kuweka ya kwake, na hili liandikwe ili baadaye asije kusema ulimnyima kitu. Kisha andika ni nini kitakachohesabika kuwa umekabidhi, kwa mfano domeni imeonekana kwenye akaunti ya mnunuzi kwa msajili (kampuni inayosajili domeni) fulani na tovuti inafunguka kwenye seva yake. Mwisho, siku za ukaguzi. Kwa domeni tupu siku chache zinatosha. Kwa tovuti yenye mapato mnunuzi ana haki ya kutaka zaidi, lakini ziwe na kikomo na yaandikwe yatakayotokea zikiisha akiwa kimya.

Kuna mnunuzi aliwahi kuniambia, tovuti ikiwa tayari mikononi mwake, kwamba wageni wamepungua kuliko alivyotarajia, hivyo nimrudishie sehemu ya pesa. Masharti yalisema ninakabidhi nini, na idadi ya wageni ilikuwa imetajwa kama takwimu za miezi iliyopita, bila ahadi yoyote ya miezi ijayo. Mtu wa kati alisoma masharti, pesa ikatoka yote. Kama yangekuwa ule mstari mmoja, sijui angetegemea nini kuamua.

Sasa domeni yenyewe. Kabla hujatangaza kuuza, angalia kama inaweza kuhama. Kwa domeni kama .com, ikiwa imesajiliwa au imehamia kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 zilizopita, uhamisho unaweza kuzuiwa. Na kuna hili linalosahaulika: tangu Desemba 2016 kubadilisha jina la mmiliki kunaweza pia kuifunga siku 60. Kwa hiyo usianze "kuweka taarifa sawa" kwenye domeni katikati ya mauzo, utajifungia mlango. Kama mnunuzi yuko tayari kufungua akaunti kwa msajili wako, mhamishie akaunti kwa akaunti humo humo. Inakwenda haraka, na ushahidi wa makabidhiano unakuwa kwa kampuni moja. Msimbo wa uhamisho, ule wa EPP unaoruhusu domeni kuhamia kwa msajili mwingine, mpe mnunuzi baada ya kuona kwa macho yako kwamba pesa imepokelewa. Akiupata huku domeni imefunguliwa kufuli, umemaliza kutoa. Domeni za .co.tz zina utaratibu wake tofauti, zungumza na msajili wako mapema.

Nasisitiza hili la domeni kwa sababu kuirudisha ni kazi ngumu mno. Gary Kremen wa Marekani aliibiwa sex.com mwaka 1995 kwa barua ya kughushi iliyotumwa kwa msajili. Alipigana mahakamani mpaka mwaka 2000 ndipo ikarudi, na mwaka uliofuata akapewa hukumu ya dola milioni 65 ambayo sehemu kubwa hakuwahi kuilipwa. Yule alikuwa na mawakili na domeni ya thamani kubwa. Mimi na wewe kwa dola 2,800 nani atatusikiliza?

Nakala rudufu ya tovuti kaa nayo mpaka pesa iko kwenye akaunti yako ya benki. Usiishie kwenye akaunti ya eskro. Jina kwenye akaunti ya eskro na jina la benki yawe moja, maana utaombwa kitambulisho na tofauti ndogo inachelewesha malipo. Weka mkataba karibu, benki inaweza kukuuliza hizo dola ni za nini.

Mnunuzi akikwambia muachane na eskro, akutumie kwa PayPal ili kuokoa ada, kataa. Mlipaji wa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko, na wewe domeni imeshaondoka. Kwa mauzo madogo ya hapa nyumbani, ya laki mbili tatu, mkutane na mmalizane mkiwa mmekaa pamoja. Angalia salio lenyewe, usiangalie meseji ya kuthibitisha malipo.

Hatua yako ya leo: mwandikie mnunuzi kwa heshima kwamba unakubali bei, unapendekeza eskro fulani, na unamtumia rasimu ya masharti. Hiyo rasimu iweke hapa kwanza, ondoa jina lake na la tovuti, tuipitie mstari kwa mstari kabla hujaituma. Mimi jioni nitakuwepo.