Gari la AWD linalia nyuma: msikimbilie difu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Honda CR-V ya mwaka 2008, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne (AWD). Kwa miezi miwili sasa inalia kwa namna mbili. Nikikata usukani hadi mwisho kwa mwendo mdogo, kama wakati wa kuegesha, nyuma inanguruma na bodi inatikisika. Halafu nikivuka kilomita 60 kwa saa kunakuwa na mvumo unaopanda pamoja na mwendo, na barabara ikipinda kushoto unazidi. Fundi wa kwanza alisema difu, yaani ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imekufa, ninunue nyingine iliyotumika. Wa pili akaweka mafuta mazito ya 85W-140. Kelele ikapungua siku nne, ikarudi. Wa tatu anataka kufungua propela shafti, ile nguzo inayopeleka nguvu nyuma, ili gari libaki la kuvuta mbele tu. Nyuma nimefunga matairi mawili mapya, ya mbele yana miaka minne. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kumwaga hayo mafuta ya 85W-140, na usisubiri wiki iishe. Sababu nitaieleza. Lakini niseme kwanza jambo linaloniumiza kila nikiliona: gari la AWD likilia nyuma, difu inahukumiwa kabla ya mtu yeyote kuliendesha na kusikiliza. Nimepokea wateja waliofika na difu ya mtumba tayari iko kwenye buti. Naomba funguo, tunaendesha pamoja dakika ishirini, na mara nyingi ile difu inarudi ilikotoka bila kufungwa.

Wewe una kelele mbili zisizohusiana. Umezieleza vizuri, kila moja peke yake. Mafundi wako watatu wamezichanganya zikawa ugonjwa mmoja.

Huo mvumo hautanichukua muda. Mvumo unaopanda na mwendo na kuzidi barabara ikipinda kushoto ni tabia ya beringi ya gurudumu la upande wa kulia. Gari likipinda kushoto uzito unaegemea kulia, na beringi iliyochakaa ikilemewa hupaza sauti. Difu iliyokwisha haifanyi hivyo. Yenyewe hufuata mguu wako: ukikanyaga mafuta inapiga mluzi, ukiachia sauti inabadilika au inakatika, hata kama mwendo wa gari bado ni ule ule. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, fika kilomita 80 kwa saa, kanyaga kidogo, achia, kanyaga tena. Mvumo usipobadilika, yaelekea difu haihusiki.

Angalia, nimesema upande wa kulia. Sijasema kulia nyuma. Sehemu ya mizigo ya gari kama lako ni wazi kama ngoma, na sauti husafiri kwenye chuma cha bodi hadi ikatokea mahali pengine kabisa. Beringi ya mbele inaweza kusikika nyuma ya kiti cha abiria. Kwa hiyo inua gurudumu moja moja, lizungushe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uushike kwenye springi ya gurudumu hilo. Beringi mbovu utaihisi inakwaruza kupitia springi kabla sikio halijasikia chochote. Fanya hivyo mbele na nyuma. Ukimaliza, pitisha kiganja juu ya yale matairi ya miaka minne, kwenda na kurudi. Yakiwa laini upande mmoja na yanakwaruza upande mwingine, nayo yanavuma, na mvumo wake unafanana sana na wa beringi. Tofauti ni kwamba tairi hubadili sauti lami inapobadilika kutoka mbaya kwenda laini, lakini beringi haijali lami.

Sasa tuje kwenye ngurumo ya kona, ambayo ndiyo iliyokuletea mafuta mazito.

Ndani ya nyumba ya difu ya nyuma ya CR-V yako kuna pampu mbili za mafuta na klachi ya sahani nyingi. Pampu moja inazungushwa na propela shafti, yaani inafuata mwendo wa magurudumu ya mbele. Ya pili inafuata magurudumu ya nyuma. Mbele na nyuma zikizunguka sawa, mafuta ya pampu moja yanamezwa na nyingine na hakuna shinikizo linalojengeka. Mbele ikizunguka haraka zaidi, tuseme inateleza kwenye tope, mafuta yanazidi, yanasukuma sahani za klachi zibanane, na nguvu inaenda nyuma. Hakuna kompyuta inayoamua hapo, ni mafuta peke yake. Honda walitumia mpango huu kwenye CR-V hadi mwaka 2011.

Gari likikata kona kali, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo huzunguka zaidi. Shinikizo dogo linajengeka, sahani zinagusana kidogo. Mafuta yakiwa mazima zinateleza kimya. Yakichoka, zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, mara nyingi kwa sekunde moja, na hiyo ndiyo ngurumo inayotikisa bodi. Dawa yake inajulikana miaka mingi: kumwaga mafuta na kuweka yale maalumu ya pampu mbili. Si mafuta ya difu ya kawaida, hata yawe ya bei gani.

Sasa fikiria aliyekuwekea 85W-140. Hayo ni mafuta ya kulinda meno ya gia yanayosagana kwa nguvu. Yeye alikuwa na neno moja tu kichwani, difu, na dawa moja, uzito. Uzito ulifunika kelele siku nne, huku sahani zikifanya kazi ndani ya mafuta ambayo hazikutengenezewa. Watu wanaita hiyo kutibu. Mimi naiita kuziba mdomo wa mgonjwa, na nimefungua difu kadhaa zilizoharibiwa kwa njia hiyo, zikiwa zilihitaji lita moja na kidogo tu ya mafuta sahihi.

Unapomwaga, fungua kwanza bolti ya kujazia, halafu ndiyo ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma kufunguka na tayari umeshamwaga, gari halitoki hapo. Jaza mpaka mafuta yachungulie kwenye tundu. Kisha endesha polepole kwa kuchora namba 8 mara kadhaa, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, ili mafuta mapya yaingie katikati ya sahani. Kwa kuwa ndani kuna mabaki ya yale mazito, mwaga tena baada ya wiki moja. Baada ya mara mbili ngurumo ikibaki, hapo tutazungumza kuhusu kufungua difu na kukagua sahani.

Na hayo matairi. Tairi la saizi 225/65R17 lililolika milimita 5 kuliko jipya huzunguka kama mara 6 zaidi katika kila kilomita. Kwako yaliyolika yako mbele, kwa hiyo pampu inayofuata mbele inatangulia saa zote, hata barabara ikiwa imenyooka. Katika kilomita 100 hiyo ni tofauti ya mizunguko kama 600 ambayo mfumo unalazimika kuivumilia. Subaru, kwenye magari yao, wanataka mzingo wa matairi manne usipishane zaidi ya robo inchi, takriban milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kulika. Nunua mawili ya mbele, ya aina ile ile na saizi ile ile.

Nimemtaja Subaru kwa sababu nyingine pia. Kwenye Subaru nyingi za otomatiki klachi ya kugawa nguvu iko mkiani mwa giaboksi na inatumia mafuta ya giaboksi. Kwenye Volkswagen na Volvo nyingi zenye mfumo wa Haldex, klachi iko mbele ya difu ya nyuma, ina mafuta yake na pampu yake, na mafuta ya gia za difu yako kwenye chumba kingine. Kwenye kizazi cha tano cha Haldex hakuna hata filta ya kubadilisha, kuna wavu mdogo kwenye pampu unaoziba kwa vumbi la sahani. Magari haya yote yakinguruma, mwenye gari atasema "difu", na fundi wa mafuta mazito atamwaga dawa ile ile kwenye tundu lolote atakalolipata.

Yule wa kufungua propela shafti nampinga kabisa. Kwako gari litatembea, maana mbele ndiko kunakovuta muda wote, lakini beringi itaendelea kuvuma vile vile na sahani hazitakuwa zimepona. Kwa jirani yako mwenye gari lenye difu ya katikati, kama RAV4 za kizazi cha pili, ushauri huo huo ni hasara kubwa. Nguvu inakimbilia upande usio na kitu, na kapilingi ya majimaji ya silikoni inayoibana difu hiyo inabeba kazi yote mpaka inaungua. Tena kuna magari ambayo mdomo wa shafti ndio unaozuia mafuta ya giaboksi. Ukiutoa, mafuta yanaisha njiani.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linaweza kuua. Usimruhusu mtu ainue nyuma peke yake kwa jeki, magurudumu ya mbele yakiwa chini, kisha aweke gia "tusikilize difu". Gari litaruka kutoka kwenye jeki na mtu yuko chini yake. Gari la AWD likisikilizwa kwenye gia, magurudumu yote manne yawe hewani juu ya lifti au stendi imara, na asiwepo mtu chini ya bodi. Hata hapo, magurudumu yakining'inia, shafti za pembeni hujipinda kwa pembe ambayo barabarani hazifiki, zikaanza kugonga. Nimeona watu wakinunua shafti mpya kwa sababu ya mlio huo wa kwenye lifti, ambao ungetoweka kama mikono ya gurudumu ingeegemezwa.