Hapana, Tesla hakugundua umeme
Mdau aliyeuliza kama mvumbuzi Nikola Tesla ndiye aliyegundua umeme: hapana. Alipozaliwa mwaka 1856 kijijini Smiljan, Kroatia ya leo, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alikuwa keshaonyesha tangu 1831 jinsi sumaku inavyozalisha umeme. Kazi kubwa ya Tesla ni mota ya AC (umeme wa mkondo geu), aliyoipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1888. Koili za mota hiyo hupokea umeme kwa kupishana, uga wa sumaku unazunguka, na rota (sehemu inayozunguka ndani) inaufuata bila brashi wala waya kuigusa. Ndiyo maana mota hizi hudumu. Fungua ile ya fezi tatu kwenye mashine ya kusaga unga, utakuta wazo hilohilo. Ila mwanasayansi Galileo Ferraris wa Italia alilifikia karibu wakati mmoja naye, jambo ambalo mashabiki wa Tesla hawapendi kulisikia. Mfanyabiashara Mmarekani George Westinghouse alinunua haki za hataza hizo, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo, Marekani. Tesla mwenyewe alifia hotelini New York mwaka 1943, hana kitu. Siku hizi jina lake liko hospitalini: nguvu ya sumaku ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hupimwa kwa kizio kiitwacho tesla, nyingi ni 1.5 au 3.