Barua za siri za kina Jefferson, waasisi wa Marekani: maswali yenu

*Ile kesi ya barua ya Jefferson iliyovuja ilikuwaje?*

Hii ndo naipenda kuliko zote. Aprili 1796 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, anamwandikia rafiki yake Philip Mazzei, yuko Italia, anajimwaga kabisa: watu waliokuwa kina Samsoni vitani na kina Sulemani barazani eti wamenyolewa vichwa na kahaba Uingereza. Jina hajataja, ila nani asingejua kwamba Samsoni ni George Washington, rais wa kwanza wa Marekani? Mazzei badala ya kuficha akaitafsiri kwa Kiitaliano, ikaingia gazeti la Paris kwa Kifaransa, Mei 1797 ikarudi Marekani kwa Kiingereza kwenye gazeti la Noah Webster, na hapo Jefferson keshakuwa makamu wa rais. Akauchuna. Akikana ni muongo, akikubali kamtukana Baba wa Taifa, afanyeje? Yeye na Washington hawakuandikiana tena mpaka mzee anafariki 1799.

*Kwani posta haikuwa na sheria ya kulinda barua za watu?*

Ilikuwepo, ya 1792, mfanyakazi wa posta kufungua barua ya mtu ni kosa. Lakini sheria ni karatasi tu. 1798 Jefferson anamwambia mwanasiasa mwenzake John Taylor wazi kwamba posta haiaminiki kwa hiyo hawezi kuandika kila kitu.

*Si wangetumia maandishi ya siri?*

Walitumia sana, hasa mabalozi wa Marekani waliokuwa Ulaya, namba badala ya maneno. Na 1801 mwanahisabati Robert Patterson alimtumia Jefferson fumbo lake, likakaa miaka 200 na ushee hadi mwanahisabati Lawren Smithline akalifungua, kumbe ndani ni utangulizi wa Azimio la Uhuru la Marekani, yaani ungeweza kuusoma popote bure!

*Sasa kama barua zilitumwa, nakala tunazo vipi?*

Jefferson kuanzia 1804 alikuwa na mashine ya kalamu mbili, akiandika na hii ile nyingine inaandika hayo hayo kwenye karatasi ya pili. Mi naona mtu wa hivyo alijua tutasoma.

*Za Washington na mkewe je?*

Martha alizichoma karibu zote, na simlaumu. Zilizosalia chache, mbili mjukuu alizikuta kwenye deski. Moja ni ya 18 Juni 1775, Washington anamwambia mkewe kakabidhiwa jeshi zima, na wosia kauambatanisha humo humo.