Uzima wa milele hauanzii makaburini: kwa ndugu walio matangani Goma

Goma tumezoea kulia kwa pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipita katikati ya mji ikateremka hadi ziwa Kivu, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatukimbiza tena usiku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kutia nanga bandari ya Kituku hapa mjini, watu wa ufukweni wakishuhudia kwa macho yao. Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini, na Msalaba Mwekundu wakawa wanazika watu makaburi ya ITIG siku baada ya siku. Kifo hapa kwetu hutangazwa redioni, huzunguka WhatsApp kwa video, huombewa na wanasiasa wenye suti nyeusi. Na kila mara, watu wakishatawanyika, kuna mtu hukuvuta kando na kuuliza kwa sauti ya chini: hivi huu uzima wa milele mnaouhubiri, mtu anaupataje? Na mimi ninayelia hivi, naweza kuupata?

Nimeulizwa hivyo na wengi, kwa sababu niko katika kikundi cha akina mama wa kanisa letu tunaotembelea wafiwa. Najibu pia kama mfiwa. Mdogo wangu alikuwa ndani ya ile boti. Alikuwa akileta maharagwe kutoka Minova, na kwa kuwa barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, njia iliyobaki ilikuwa ziwa. Mwili wake haukupatikana. Tuliomboleza bila jeneza: picha yake ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi uso ukapoteza ukali, tuliiegemeza kwenye kiti cha plastiki chini ya shitingi, lile turubai la matanga, na shangazi akaweka jiwe mbele yake ili upepo wa ziwa usiiangushe. Waliokuja kutoa pole walikuwa hawajui waelekee wapi. Wengine walisimama mbele ya kile kiti, wakainamisha kichwa, wakaenda kukaa.

Nianze na mambo ambayo hayakunisaidia, maana ndiyo mfiwa husikia kwanza. "Mungu amempenda zaidi." "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Neno la pili ni la Biblia, sikatai, ila angalieni ni nani aliyelisema. Ni Ayubu mwenyewe, aliyefiwa. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno hata moja. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu. Kwa hiyo mfiwa akilisema hilo neno, itikia amina. Wewe uliyekuja kutoa pole usimwekee mdomoni.

Baya zaidi ni wale wanaotafuta dhambi ya marehemu. Baada ya kila msiba mkubwa Goma hujitokeza mtumishi wa kueleza kwamba mlima umelipuka kwa sababu ya uasherati, au boti imezama kwa sababu ya wachawi waliokuwa ndani. Yesu aliletewa habari ya msiba wa namna hiyo. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Kisha anawageukia walio hai na kuwaambia watubu. Msiba wa umma haukupi ruhusa ya kuwahukumu waliokufa; unakuuliza wewe umesimama wapi. Na niseme hili hapa hapa: kumwamini Mungu hakumkatazi mtu kudai jaketi za kujiokolea na idadi halali ya abiria. Boti ikijazwa kupita kiasi, tusiite hayo mapenzi ya Mungu.

Sasa lile swali lenyewe. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakupeleka Yohana sura ya 11, kwa sababu ile ni matanga kama yetu. Lazaro amekufa, nyumba imejaa watu waliotoka mjini kuwafariji dada zake, na Yesu anafika siku nne zimepita. Amechelewa. Martha anamwendea njiani na hamfichi: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Nilipokuwa nikifundisha Shule ya Jumapili nilizoea kuipita haraka sentensi hiyo. Siku hizi naikawiza. Ni lawama, imesemwa usoni pa Bwana, na Bwana hakumkemea.

Yesu anamwambia ndugu yake atafufuka. Martha anajibu kama mtu aliyesoma katekisimu vizuri: "Najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho." Jibu lake ni sahihi kabisa. Lakini siku ya mwisho iko mbali, na kilio kiko hapa nyumbani. Ndipo Yesu anasema: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi. Naye kila aishiye na kuniamini hatakufa kabisa hata milele. Je! Unayasadiki hayo?"

Ona anavyomsogezea. Martha alikuwa na tumaini la tarehe fulani. Yesu anampa nafsi yake, aliyesimama mbele yake barabarani. Hata sala yake usiku ule kabla ya kusulubiwa inasema hivyo: "Na uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Mtu haongojei afe ndipo aanze kuishi milele. Anaanza siku anapomwamini, akiwa bado na kodi ya nyumba na watoto wa shule, na kaburi, likija, linamkuta tayari yuko ndani ya uzima huo. Ufufuo wa mwili tunaungoja kweli, haujaja. Lakini Yule atakayeufanya tunamjua tangu sasa.

Mimi nilibatizwa nikiwa msichana, nimeimba korali miaka mingi, na yote hayo niliyajua. Msibani nilitakiwa nijibu. Usiku mmoja nyumba ikiwa imelala nilisoma sura ile kwa mwanga wa simu, nikafika kwenye "Unayasadiki hayo?" na nikashindwa kuendelea na mstari unaofuata. Nilichoweza kusema ni maneno ya yule baba katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sikuona nuru, wala machozi hayakukauka. Asubuhi niliamka nikachemsha chai ya wageni. Ila tangu hapo naomba nikijua naongea na mtu aliye hai.

Kwa hiyo wewe usiyejua uanze vipi, fanya kama Martha. Mwambie Yesu lile linalokuuma kama lilivyo, hata kama ni lawama. Ungama dhambi zako, zako wewe, si za marehemu. Mwambie unamwamini kwamba alikufa kwa ajili yako na akafufuka. Kama hujabatizwa, mwone mchungaji au padri ufundishwe. Kisha tafuta kanisa ambalo wakikukosa Jumapili mbili watakuja kugonga mlango. Kanisa kubwa lenye vipaza sauti si kosa, lakini mfiwa anahitaji watu wanaojua jina lake na avenyu anayokaa.

Usifanye haraka kwa sababu ya hofu tu. Nimeona mahubiri ya makaburini ambapo mhubiri anapiga kelele juu ya jeneza mpaka vijana wote wananyosha mikono, na mwezi ukiisha huwaoni. Mwito wa kutubu ni wa kweli, Yesu mwenyewe aliutoa. Ila mtu aliyenyosha mkono kwa hofu anahitaji wa kukaa naye wiki inayofuata, akiwa na Biblia. Na akija mtu na mafuta au maji ya kununua, au anataka "mbegu" ya dola ili akuonyeshe marehemu katika ndoto, mfungulie mlango atoke. Uzima huu hauuzwi, na wafu si wa kuonyeshwa.

Wenzangu ambao hamkupata mwili wa kuzika, hili ni lenu. Mama yetu alikuwa haogopi kifo chenyewe. Alichoogopa ni kwamba mwanawe yuko majini peke yake, bila kaburi, kama mtu aliyesahauliwa. Nilimsomea Ufunuo 20, pale bahari inapowatoa wafu waliokuwa ndani yake. Ni sura ya hukumu, nzito, sikumficha hilo. Yeye alishika jambo moja: kwamba ziwa limepewa kutunza tu, na litadaiwa. Aliniomba nimrudishie ule mstari, na kesho yake akaniomba tena.

Vipi yule ambaye hujui kama aliamini? Hapo mimi nafunga mdomo. Mnyang'anyi msalabani hakuwa na muda wa kubatizwa wala wa kurekebisha maisha, alikuwa na sentensi moja, na akaambiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Dakika ya mwisho ya mtu aliye majini hakuna aliyeiona isipokuwa Mungu. Jirani zetu Wakatoliki huomba misa ya marehemu, sisi kanisani kwetu hatufanyi hivyo. Matangani si mahali pa kubishana.

Kuna mtu mmoja wa mji huu ninayependa kuwasimulia vijana, ingawa si wa kanisa langu: Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani hapa Goma, na alikuwa wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akiwahudumia maibobo, wale watoto wa mtaani ambao wengi tunawafukuza. Alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika. Akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri kule Roma. Kijana anayejua kwamba maisha yake yote ni haya hapa duniani, angesaini karatasi za kupitisha chakula kile. Mimi ningemwelewa. Floribert aliishi ofisini, mbele ya magunia, kama mtu ambaye uzima wake hauwezi kuchukuliwa na mwenye bunduki.

Watoto nao wanahitaji jibu. Usiwaambie baba amesafiri, wala amelala. Mtoto wa Kituku anajua safari inavyoisha. Atakwenda bandarini kungoja boti. Mwambie amekufa, mwambie Yesu pia alilia kwenye kaburi la rafiki yake, halafu mwambie habari ya ufufuo. Akiuliza swali lile lile kesho, jibu tena bila kuchoka.

Na wewe unayetembelea, nenda wiki ya tatu. Wiki ya kwanza kuna kamera, viti vya kukodi na hotuba. Wiki ya tatu shitingi imeshushwa, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe, na mjane yuko peke yake. Beba unga au sukari. Ukikuta madumu matupu, kachote maji kwanza, maana mabomba ya Goma tunayajua. Kisha fungua Yohana 11, soma polepole mpaka lile swali la Yesu, funga Biblia, umwache yeye aseme.