Banda la pamoja, anzeni na mkojo

Dada, umeuliza mfanyeje banda lenu la ng'ombe wa maziwa lisinuke, maana mko familia tatu na kila mtu anasafisha upande wa ng'ombe wake tu. Hapo kwenye "wake tu" ndipo pabaya. Nzi hawana mipaka. Gaweni zamu kwa siku: mwenye Jumatatu anazoa banda zima asubuhi na jioni, anaosha beleshi na toroli, ndipo anamkabidhi wa Jumanne.

Samadi inaonekana, kwa hiyo watu huizoa. Mkojo ndio unaosahaulika, na ndio unaotoa ile amonia inayowasha macho. Chuchumaa pale ng'ombe anapolala, vuta pumzi: kama wewe unawashwa kwa dakika moja, yeye analala humo usiku kucha! Sakafu iwe na mteremko kidogo kuelekea mfereji. Malalo wekeni pumba za mpunga, huku kwetu Mwanza mashineni zipo tele, na zilizolowa zitoke kila siku, kwani bakteria wa ugonjwa wa kiwele hupenda unyevu huo.

Samadi msiilaze wazi wiki nzima. Kwa joto letu, yai la nzi huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ifukieni shimoni, mbali na maji.

Na kwa kuwa mko Igombe, kando ya Ziwa Victoria, nakuomba sana, msiisukumie ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na rutuba hiyo ndiyo inayolisha magugu maji yanayotuzibia mialo, pale mitumbwi inapotia nanga.