Maswali ya Wasomaji: Gari Dogo, Fedha Kidogo na Shokapu Zilizochoka

SWALI: Ndugu mwandishi, nina gari dogo la milango mitano linalovutwa na magurudumu ya mbele, nami hulitumia kila siku kwenda na kurudi kazini. Limekwisha kutembea kilomita 140,000, na mtu aliyeniuzia hakunionyesha risiti yoyote ya kubadilishwa kwa shokapu. Likipita kwenye tuta linadunda zaidi ya mara moja, nikikata kona linalala upande, na nikikanyaga breki pua inainama. Fundi wangu ananishauri ninunue springi fupi ili gari lishuke na kutulia barabarani. Rafiki yangu anasema ninunue seti ya koilova (shokapu na springi zilizounganishwa pamoja, zenye urefu unaorekebishika) za bei nafuu nimalize kazi mara moja. Fedha nilizonazo zinatosha jambo moja tu. Nianzie wapi?

JIBU: Kabla ya kuchagua kati ya ushauri wa fundi na wa rafiki, yatazame upya malalamiko yako mwenyewe. Gari linalodunda mara mbili tatu baada ya tuta, linalolala kupita kiasi kwenye kona na kuinamisha pua wakati wa breki, linaonyesha dalili za vipuri vilivyochakaa, wala si ushahidi kwamba vipuri alivyovichagua mtengenezaji vilikuwa dhaifu. Lilipokuwa jipya halikuwa hivyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya uboreshaji unaoutafuta ni matengenezo, na kwa mtu mwenye bajeti ya jambo moja hiyo ni habari njema, kwa sababu seti ya shokapu nzuri zilizotengenezwa kwa ajili ya springi za asili za gari lako italibadilisha gari hilo kuliko springi fupi zitakavyoweza.

Springi na shokapu zina kazi mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu fedha. Springi hubeba uzito wa gari na kubonyea gurudumu linapokutana na tuta, kisha huirudisha nguvu ileile iliyoihifadhi. Ikiachwa peke yake ingeendelea kupanda na kushuka kwa muda. Shokapu ndiyo inayoikatiza. Pistoni iliyo ndani yake huyasukuma mafuta yapite katika vitundu na vali ndogo, nguvu ya mwendo ikageuka kuwa joto, na joto hilo likapotelea hewani. Sili zikilika na mafuta yakavuja, au vali zikichoka, springi inabaki kucheza inavyotaka. Sasa ukiweka springi fupi, ambazo kwa kawaida huwa ngumu zaidi, juu ya shokapu za namna hiyo, unaidai kazi kubwa zaidi shokapu ambayo tayari imeshindwa kuituliza springi laini. Isitoshe, gari likishushwa kwa milimita 40, milimita hizo hutolewa katika nafasi ileile ambayo gurudumu huitumia kupanda linapotoka shimoni, hivyo shokapu itafika mwisho wake na kugonga mara kwa mara, na abiria wa kiti cha nyuma ndio watakaokuwa wa kwanza kulalamika.

Kuhusu koilova, sina ugomvi nazo zikiwa nzuri. Tatizo langu ni zile za bei ya chini kabisa. Anayezinunua analipia nyuzi za kurekebishia urefu, rangi ya kuvutia na kitufe cha kuongeza au kupunguza ugumu, ilhali vali za ndani, ambazo ndizo zenye kazi, hutengenezwa kwa fedha zinazobaki. Springi zake mara nyingi ni ngumu kupita mahitaji ya gari la kwenda kazini, na nyuzi hizo zikishaingiwa na matope na kutu hukwama, kiasi kwamba uwezo wa kurekebisha ulioulipia hauutumii tena. Mtu wa mashindano ana sababu ya kuvumilia hayo. Wewe huna.

Basi, kabla ya kununua chochote, gari lipandishwe na likaguliwe kwa mwanga wa kutosha. Tazama mwili wa shokapu: utando mwembamba wa mafuta ulioshika vumbi karibu na sili ni jambo la kawaida, lakini mchirizi mbichi ulioteremka hadi chini ni uvujaji, na shokapu hiyo imekwisha. Funua kikinga vumbi uione raba nene iliyovishwa kwenye fimbo, ile inayozuia chuma kisigonge chuma. Katika magari ya umri wa gari lako mara nyingi huwa imemeguka vipande kama mkate mkavu, au imetoweka kabisa. Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwa kuuzunguka. Ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, hiyo ni alama ya gurudumu lililokuwa likirukaruka barabarani badala ya kuikamata. Jaribio la kusukuma kona ya gari kwa mikono na kuhesabu midundo linasaidia, ila lisikudanganye: shokapu iliyokwisha kabisa hulishindwa, lakini iliyochoka nusu hulifaulu.

Katika ukaguzi huohuo fundi atie mtaimbo kwenye bushi (raba za maungio) za mikono ya chini inayoshika magurudumu na kuzitikisa, azijaribu boljointi (maungio ya duara yanayogeuka pande zote), na aangalie linki za stabilaiza, yaani vijiti vinavyoishika ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Hapa nasisitiza, kwa sababu mlio wa ko-ko-ko unaosikika kwenye barabara yenye mikwaruzo midogo, ambao wengi huulaumu moja kwa moja kwenye shokapu, mara nyingi hutokana na linki hizo, nazo ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika mfumo mzima. Mlio wa springi kujisokota na kuachia unapokata usukani gari likiwa limesimama huelekeza kwingine: ni bearingi ya maunti ya juu, yaani kishikizo kinachoifunga shokapu kwenye bodi ya gari.

Ukifika dukani, nunua shokapu za kampuni inayotengeneza vipuri kwa ajili ya viwanda vya magari, za kiwango cha kawaida au hatua moja juu yake, na uhakikishe namba ya kipuri inalingana na namba ya chesisi, kwa kuwa gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na aina mbili za shokapu kulingana na injini au giaboksi. Zile zenye mirija miwili na gesi ya naitrojeni ya mgandamizo mdogo zinatosha kabisa. Gesi huyazuia mafuta yasitoe povu yanapopata moto, na povu likiingia kwenye vali shokapu hulegea katikati ya safari. Zenye mrija mmoja na gesi ya mgandamizo mkubwa hupoa vizuri zaidi, lakini huwa ghali na ngumu kidogo, na sioni sababu ya kuzilipia kwa safari za ofisini.

Zibadilishwe mbili kwa ekseli moja, kamwe isiwe moja peke yake. Ikiwa fedha hazitoshi nne, anza na ekseli ambayo ukaguzi umeonyesha kuwa ndiyo mbaya zaidi, kisha ukamilishe nyingine mapema. Pamoja na shokapu za mbele nunua maunti za juu, raba za kikomo (zile raba nene za kwenye fimbo) na vikinga vumbi, maana kazi ya kufungua ni ileile, na kurudia kazi kwa sababu ya maunti iliyobaki ya zamani ni kulipa ufundi mara mbili.

Magari mengi madogo hutumia mbele mfumo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuonekana katika magari ya Ford Consul na Zephyr ya Uingereza tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Katika mfumo huo shokapu haitulizi springi tu. Ndiyo pia inayolishika gurudumu lisimame wima. Ndiyo maana ikishafunguliwa mahali pake alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) huweza kubadilika, na gharama ya kuipima upya lazima uihesabu mwanzoni kama sehemu ya bei. Shokapu mpya zinazokula matairi ndani ya miezi michache ni hasara, si uboreshaji.

Jambo la mwisho ni la kumsimamia fundi. Bolti zinazopita katikati ya bushi za raba zikazwe kabisa gari likiwa limebeba uzito wake juu ya magurudumu, au mkono ukiwa umenyanyuliwa kwa jeki hadi kimo cha kawaida. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, raba hubaki imejisokota kila siku gari linaposimama chini, na bushi mpya huchanika mapema bila mtu kuelewa sababu.

SWALI: Gereji moja imeniambia kuwa hakuna haja ya kununua springi fupi, kwa kuwa wanaweza kukata duara moja la springi zangu kwa msumeno wa umeme na gari likashuka vizuri. Je, kuna ubaya?

JIBU: Upo. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya maduara yanayofanya kazi, na kadiri yanavyopungua ndivyo inavyokuwa ngumu. Springi yenye maduara 6 yanayofanya kazi, ukiikata moja, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, na hapo hapo umepunguza nafasi ya kubonyea. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake kama ilivyotengenezwa, na gari likinyanyuliwa kwa jeki springi fupi inaweza kulegea na kutoka mahali pake. Wanaotumia moto wa gesi badala ya msumeno huharibu zaidi, kwa sababu chuma cha springi kikishapashwa moto ovyo hupoteza ule unyumbufu kiliopewa kiwandani.

Ukitaka gari lishuke, tafuta springi zilizotengenezwa kushusha milimita 25 au 30 tu, pamoja na shokapu zilizokusudiwa kwa springi hizo, kisha taa za mbele zipimwe upya ili mwanga uelekee panapostahili. Kazi ya kubana springi ili zitolewe isifanywe kwa kamba za waya na jeki, kama nilivyowahi kuona. Nguvu iliyobanwa humo ikifyatuka inaweza kuua.

SWALI: Nimekuta shokapu za mtumba zilizotolewa kwenye gari lililobomolewa, bado zinang'aa, kwa bei ya chini sana. Pia muuzaji ana bushi za poliyurethani (aina ya plastiki ngumu kuliko raba) anazosema hazichakai. Nichukue vyote?

JIBU: Shokapu ziache. Kung'aa hakuelezi lolote kuhusu vali za ndani, na huna namna ya kujua gari lile lilitembea kilomita ngapi. Ukilazimika, isimamishe wima, ibonyeze hadi chini na kuivuta hadi juu mara kadhaa: upinzani uwe wa mfululizo bila mahali patupu, fimbo isiwe na mikwaruzo wala kupinda, na ile ya gesi irudi juu yenyewe polepole. Kufaulu jaribio hilo kunaonyesha tu kwamba haijafa, na kulipia ufundi na alaimenti kwa ajili ya kipuri ambacho hakijafa ni hesabu mbaya. Springi za asili za mtumba ni suala jingine. Zisipokuwa na kutu iliyochimba wala ufa, na zikiwa zinalingana urefu kushoto na kulia, unaweza kuzichukua bila wasiwasi mkubwa.

Kuhusu poliyurethani, muuzaji amesema nusu ya ukweli. Bushi hizo hukaa muda mrefu na hulifanya gari lijibu usukani kwa wepesi zaidi, lakini huzipitisha kelele na mitetemo ambayo raba ingeimeza, na nyingi zinahitaji grisi maalumu, ambayo ikikauka zitalia kila unapopita kwenye tuta. Kwa gari la kila siku ningeziweka kwenye stabilaiza tu, ambako faida yake huonekana na usumbufu wake ni mdogo, na sehemu nyingine zote ningebaki na raba.

SWALI: Je, rimu kubwa za inchi 17 badala ya 14 zitalifanya gari litulie zaidi?

JIBU: Kwenye lami laini utahisi usukani mkali zaidi, kwa sababu ukuta wa tairi umekuwa mfupi. Kwingine kote utapata hasara: rimu na tairi pana mara nyingi huwa nzito zaidi, uzito huo haubebwi na springi, na shokapu italazimika kuutuliza kila gurudumu linapoingia shimoni, huku rimu yenyewe ikiwa imebakiwa na raba kidogo ya kuikinga. Fedha hizo nunulia matairi mazuri ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na uyajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa hapohapo. Fanya hivyo hata kabla ya ule ukaguzi wa shokapu niliomweleza msomaji wa kwanza, kwani tairi lililojazwa upepo kupita kiasi hulifanya gari lenye shokapu nzima lirukeruke, na lililopungukiwa upepo hulifanya liyumbe kwenye kona.